Meli ya Vita Iliyokuwa Eastleigh: Stori ya Ndege Niliyoitoa Gikomba

Wasee, swali la haraka. Nairobi haina bahari. Maji makubwa tuliyo nayo huku Eastlands ni Mto Nairobi, na vile uko tunajua wote. Sasa niambie, meli ya Jeshi la Majini la Uingereza ilikuwa inafanya nini Eastleigh mwaka wa 1942?

Sio utani. Iliitwa HMS Korongo. Jina la Kiswahili kabisa, korongo yule ndege wa miguu mirefu. Na haikuwahi kuguswa na wimbi hata moja, kwa sababu haikuwa meli ya chuma. Ilikuwa karakana ya kutengeneza ndege za kivita za baharini. Waingereza wana mtindo wao wa zamani: kituo cha jeshi la majini kikiwa nchi kavu, wanakiandikisha kama meli na kukipa jina la meli. Hata mwanamaji akitoka nje ya geti kwenda kutafuta chai, kwa lugha yao ameshuka pwani. Kwa hivyo kuna mabaharia waliwahi "kushuka pwani" Eastleigh. Isich hiyo hiyo ya leo, ya mashuka na pafyumu.

Mimi nimekulia huku na sikuwahi kusikia hii kitu shuleni. Nimeijua juu ya ndege ya plastiki niliyonunua Gikomba kwa mia mbili. Wacha nianze hapo.

Wanaonifuata wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma uhandisi, karo ikakwama, na baada ya mwaka mmoja wa kuambiwa "tutaona" nikaacha kungoja. Tangu hapo natengeneza video, na nikikosa stori ya kutengeneza natembea Gikomba. Siku hiyo jamaa wa mitumba alikuwa amefungua furushi la midoli kutoka ng'ambo. Chini kabisa kulikuwa na sanduku limepasuka pembeni, na juu yake picha ya ndege fupi, nene, kama nyuki aliyeshiba. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu bado vimeshikana kwenye fremu yake, karatasi ya maelekezo, na stika zile za kulowesha kwa maji. Gurudumu moja halikuwepo. Jina: Grumman Martlet. Kipimo: 1/72.

Nikauliza jamaa ni nini. Akaniambia, "Ni ndege ya kujijengea, boss. Mia tatu." Tukakubaliana mia mbili juu ya gurudumu.

Sasa, kabla sijawaambia nilivyoijenga, lazima tuongee kuhusu hiyo 1/72, kwa sababu hapo ndipo historia inaanza.

Watu wengi wanadhani hizi ndege ndogo ni mchezo tu wa watoto wa matajiri. Zilianza hivyo, lakini vita viliziokota haraka sana. Mwaka wa 1936, kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Frog ilianza kuuza seti za plastiki za kuunganisha, ikaziita Penguin, kwa sababu tofauti na ndege zao zingine hizi hazikuruka. Walichagua kipimo cha 1/72 kwa sababu ya hesabu za Kiingereza: inchi moja kwenye modeli ni futi sita kwenye ndege halisi. Futi sita ni mtu mrefu amesimama. Yaani ukishika modeli ya 1/72, inchi moja ni mwanaume mmoja. Hiyo hesabu iweke kichwani, nitairudia.

Vita vya Pili vikaja. Shida moja kubwa ilikuwa hii: mtu ako na bunduki kubwa juu ya meli, anaona kidoa angani, na ako na sekunde chache tu za kuamua kama ni adui au ni mwenzake. Akikosea upande mmoja anakufa, akikosea upande mwingine ameua rafiki. Kwa hivyo majeshi yakaanza kufundisha watu kwa modeli ndogo. Unaning'iniza ndege ya 1/72 mita 10 kutoka kwa macho ya mwanafunzi, na anachoona ni sawa na ndege halisi ikiwa mita 720. Mwaka wa 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule za upili wachonge modeli 500,000 za mbao kwa kazi hiyo. Nusu milioni! Watoto wa miaka kumi na sita walikuwa darasani na msasa na gundi, wakitengeneza macho ya jeshi.

Baada ya vita kazi hiyo ikarudi kuwa mchezo. Airfix, kampuni iliyoanzishwa London mwaka wa 1939 na mhamiaji kutoka Hungaria aitwaye Nicholas Kove, ilikuwa ikitengeneza midoli ya kujaza hewa na vitana. Mwaka wa 1952 ikauza meli ndogo ya plastiki, Golden Hind, ndani ya mfuko kwenye maduka ya Woolworth. Baadaye ikaja Spitfire. Kufikia hapo, vita ambavyo baba alipigana mtoto alikuwa anavijenga mezani. Hiyo ndiyo biashara: kuuza kumbukumbu kwa vipande.

Na hapo ndipo swali langu linaingia. Kumbukumbu ya nani?

Karatasi ya maelekezo ya ndege yangu ilisema rangi, ikasema kikosi, ikasema meli iliyobeba hiyo ndege. Nikaanza kusoma. Usiku mzima, data ikaisha mara mbili. Nilichopata ni kwamba ndege za aina hii zilikuja Kenya. Na sababu ya kuja ilikuwa woga.

Aprili 1942 Wajapani waliingia Bahari ya Hindi na meli tano kubwa za kubeba ndege. Tarehe 5, Jumapili ya Pasaka, wakapiga Colombo, na siku hiyo hiyo wakazamisha meli mbili za kivita za Uingereza, Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 wakaipata HMS Hermes, meli ya Kiingereza ya kubeba ndege, ikiwa haina hata ndege moja juu yake. Wakaizamisha. Admirali James Somerville, aliyekuwa akiongoza meli za Waingereza upande huu wa dunia, akafanya kitu ambacho mtu yeyote wa mtaa anakielewa: akaona hii vita hawezi, akarudi nyuma. Alirudi wapi? Kilindini, Mombasa.

Ghafla Mombasa ikawa makao ya jeshi kubwa la majini. Shule ya Allidina Visram ikachukuliwa, na wataalamu waliokuwa wakisoma siri za Wajapani wakahamishiwa humo. Ndiyo, ile shule. Madarasani ambapo watu walikuwa wakifanya hesabu, wengine wakawa wanavunja kodi za Tokyo. Huko Port Reitz, mahali tunapoita leo Moi International Airport, pakawa kituo cha ndege za majini. Hicho nacho kikapewa jina la ndege kwa Kiswahili: HMS Kipanga. Tanga kulikuwa na HMS Kilele. Kilindini yenyewe ilikuwa HMS Tana. Na Nairobi, HMS Korongo.

Mi nilicheka nilipoona hiyo orodha, halafu nikaacha kucheka. Walichukua maneno yetu wakaandika kwenye vitabu vyao vya meli. Maneno yalipandishwa cheo. Watu wenye maneno walibaki pale pale.

Woga wenyewe haukuwa wa bure. Mei 1942, ndege ndogo ya Kijapani iliyokuwa imebebwa ndani ya nyambizi I-30 iliruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam ikipeleleza. Fikiria hiyo: nyambizi inaibuka, wanatoa ndege kwenye tumbo lake, wanaunganisha mabawa kama mimi na seti yangu, inaruka juu ya Dar, inarudi. Mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo za Kijapani zikaingia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, na kuipiga meli kubwa ya Waingereza, Ramillies.

Na Waingereza walikuwa wanafanya nini Madagaska? Waliivamia. Kisiwa kilikuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, na London iliogopa Wajapani wakifika huko kwanza, njia ya meli za Mombasa na Suez itakatwa. Tarehe 5 Mei 1942 wakashuka Diego Suarez. Juu yao kulikuwa na ndege kutoka kwa meli mbili: Indomitable na Illustrious. Illustrious ndiyo iliyobeba Martlet. Martlet halisi. Ile niliyokuwa nimeilaza kwenye meza ya mathe juu ya gazeti.

Sasa ujenzi. Sina vifaa vile vya ng'ambo. Nilitumia kikata kucha kutoa vipande kwenye fremu, wembe kusafisha, na msasa laini niliopewa na jamaa anayepulizia nganya rangi. Rangi yenyewe ilikuwa mabaki yake pia, kwa hivyo ndege yangu ya kivita ina bluu ya matatu ya Buruburu, na sioni haya. Gundi nilikosea mara ya kwanza. Nilitumia supaglu kwa kioo cha rubani, na mvuke wake ukaacha ukungu mweupe ndani. Kwa hivyo rubani wangu haonekani vizuri. Wacha akae hivyo, mtaona kwa nini.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni bawa. Ndege za meli zina shida ambayo ndege za nchi kavu hazina: nafasi. Meli ni keja ndogo. Martlet ilikuwa na upana wa mita 11.6 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Ukiziweka zikiwa zimenyooka, meli inajaa kabla haujaanza vita. Kwa hivyo Leroy Grumman, mwenye kampuni, akakaa chini na kifutio na klipu mbili za karatasi. Akachomeka klipu kwenye kifutio kama mabawa na akaendelea kuzipinda na kuzizungusha hadi akapata pembe ambayo bawa linageuka na kulala nyuma ubavuni, kama njiwa anavyokunja lake. Upana ukashuka hadi mita 4.4 hivi. Hiyo ndiyo akili iliyosaidia meli kubeba ndege nyingi zaidi: kifutio na klipu mbili.

Nilivyosoma hiyo nilikumbuka magari ya waya. Kila mtoto wa Eastlands amejenga gari la waya. Magurudumu ya vifuniko vya rangi, usukani wa waya mrefu unaosukuma ukiwa umesimama, na wengine wetu tuliweka hadi springi. Hakuna aliyetuita wahandisi. Walituambia tuingie ndani tufanye homuweki. Sisemi kila mtoto wa gari la waya ni Grumman. Nasema mwanzo ulikuwa ule ule, na kilichotofautisha ni kilichokuwa nyuma ya mtu: kiwanda, benki na serikali yenye vita.

Basi ndege ikaisha. Sentimita 16 kwa upana. Nikaweka video. Watu wakapenda, na wengine wakanichapa vizuri: "Bro, unacheza na midoli ya mkoloni." "Hiyo bunduki ilikuwa inalinda himaya, haikuwa inakulinda wewe." Nikakasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba wana pointi, lakini wamesimama nusu ya njia. Kwa sababu swali linalofaa ni hili: kama ndege ilikuwa hapa, nani mwingine alikuwa hapa nayo?

Angalia sanduku. Kuna picha ya ndege. Kuna rubani. Ukinunua seti kubwa kuna stika yenye jina la rubani. Ndege moja ya vita haiendeshwi na mtu mmoja. Kuna mtu aliyevunja mawe ya uwanja. Kuna aliyesukuma ndege kutoka karakana. Kuna aliyebeba mapipa ya mafuta, aliyepika, aliyefua. Na huku kwetu tunajua hao walikuwa nani.

Sio mara ya kwanza pia. Kama ulienda Fort Jesus na shule, umepiga picha umekalia mzinga bila kujua ni wa nini. Mmoja wa ile mizinga ulitoka kwa meli ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, halafu ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waingereza wakaleta ndege za majini kuitafuta. Hali ya hewa ikawashinda: joto na unyevu vikaharibu mbao na gundi ya zile ndege. Gundi, wasee, miaka mia moja na zaidi kabla sijaharibu kioo changu. Tarehe 11 Julai 1915, ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia zikaelekeza mizinga ya Severn na Mersey mpaka Königsberg ikaisha. Hiyo stori ina vitabu. Lakini vita hivyo vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani na mgongoni na wapagazi, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa magonjwa na njaa. Walichobakisha Nairobi ni jina tu: Kariokor. Carrier Corps. Tunashuka stage hapo kila siku kununua viatu na kula nyama choma.

Rudi 1942. Baada ya Diego Suarez, vita vya Madagaska viliendelea hadi Novemba, na kati ya waliopelekwa kumaliza kazi ilikuwa brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, vijana wa KAR. Illustrious ina seti za plastiki. Martlet ina seti. Brigedi ya 22 haina hata askari mmoja wa plastiki dukani.

Halafu kuna hii, na hii ndiyo iliyonitoa usingizi. Mwanzoni mwa 1944 meli kubwa za Waingereza zilikuwa zimerudi Ceylon, hatari imepungua, na wanajeshi wetu wanapelekwa Asia kwa vita vya Burma. Mnamo Februari meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo, imejaa wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, pamoja na mabaharia na wauguzi. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Meli ilizama chini ya dakika tatu. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea, na meli za ulinzi zikaangusha mabomu ya majini pale pale, watu wakiwa bado ndani ya maji, ili kuipata. Wakaipata. Watu 1,297 walikufa siku hiyo, wengi wao wakiwa vijana wa huku kwetu.

Zile ndege za kulinda misafara hazikuwa juu yao. Majina ya hao askari yamechongwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road. Nilienda. Ni bure kuingia, nyasi zimekatwa vizuri, na siku hiyo nilikuwa peke yangu na mlinzi. Nilisoma majina mpaka shingo ikauma. Kuna majina pale ambayo ni ya maklasimeti wangu. Familia zile zile.

Vita vikaisha, viwanja vikabaki. Eastleigh ikawa uwanja wa ndege wa Nairobi kwa abiria pia, mpaka Embakasi ilipofunguliwa mwaka wa 1958. Na Embakasi nani aliijenga? Maelfu ya waliofungwa wakati wa Mau Mau, waliolazimishwa kuchimba na kubeba mawe. Kila mtu anayeruka kwenda Dubai kutoka upande huu wa mji anapita juu ya ardhi waliyoisawazisha. Eastleigh nayo ikabaki ya jeshi, leo ni Moi Air Base. Ukitaja ndege kwa wazee wa Eastlands, cha kwanza wanakumbuka ni 1 Agosti 1982. Korongo hakuna anayeitaja.

Karibu hakuna.

Nakaa Kaloleni, kwenye zile nyumba za mawe za miaka ya 1940 ambazo wazee husema zilijengwa na mateka wa Kiitaliano. Plot yetu kuna mzee amezidi miaka themanini. Mimi humuita Guka ingawa si wa kwetu, kila mtu humuita hivyo. Jioni moja nilikuwa nimeweka Martlet kwenye ngazi ikauke, akapita na fimbo yake, akasimama.

"Hii umeitoa wapi, kijana?"

"Gikomba, Guka. Ni ndege ya zamani. Ya vita vya Wajapani."

Akaiangalia bila kuigusa. Halafu akaniambia babake alifanya kazi Eastleigh wakati wa vita hivyo. Kazi ya kusukuma ndege. Alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba kuna ndege zilikuja zikiwa zimekunja mabawa kama kuku, na watu walibishana jioni kama ndege ya kukunja bawa inaweza kuruka kweli au ni uongo wa wazungu.

Nikahisi nywele zikisimama. Nikachukua simu nimwonyeshe picha ya Martlet imekunja bawa. Akaishika mbali na macho, akaangalia muda mrefu. Sijui kama ndiyo ndege babake aliona. Ndege za meli zilizokunja mabawa zilikuwa za aina kadhaa siku hizo, na mimi siwezi kuapa. Yeye pia hakuapa. Alisema tu, "Kumbe hakuwa anatudanganya."

Wasee, huyo mzee amebeba stori ya babake zaidi ya miaka sabini bila kujua kama ni ya kweli. Hakuna kitabu cha shule kingemjibu. Amejibiwa na sanduku la mia mbili.

Usiku huo nilifanya hesabu. Kumbuka: 1/72. Mtu wa sentimita 170 ni sentimita 2.4 hivi. Nikachukua waya wa ndani ya kebo ya simu, nikaupinda mwili, nikaufunika na gundi iliyochanganywa na unga wa msasa, nikachonga na sindano. Mtu mmoja, mikono imenyooka mbele, anasukuma bawa. Nikampaka kaptura ya kaki, ngozi ya kahawia, viatu vyeusi. Ilinichukua wiki mbili na watu wanne walioharibika. Huyo mtu mdogo alikuwa kazi ngumu kuliko ndege yote, kwa sababu ndege ilikuja na maelekezo na yeye hakuja na yoyote.

Nikampelekea Guka. Akavaa miwani. Akainamia ndege mpaka nikaogopa ataigonga na pua.

"Huyu ni mzee wangu?"

"Ni yeye, Guka. Nimejaribu."

Akanyamaza kidogo. "Basi mtoe viatu. Alisema walikuwa wanasukuma bila viatu, na lami ya mchana ilikuwa inachoma."

Nilirudi ndani nikachukua wembe nikavitoa.

Sasa niambie tena ni midoli ya mkoloni. Ilikuwa yake, sikatai. Sanduku lilikuwa lake, rubani wake, stika zake. Lakini uwanja ulikuwa Eastleigh, jina lilikuwa Korongo, na aliyesukuma alikuwa babake jirani yangu. Tukikataa kuigusa hiyo historia kwa sababu ni ya mzungu, tunamwachia mzungu hata sehemu yetu iliyomo ndani. Mimi sijengi ndege ili nimshangilie Somerville. Najenga ili swali likae mezani mahali mzee anaweza kupita akalijibu.

Na hao wazee hawana muda. Waliokuwa watu wazima 1942 wameenda. Waliobaki ni watoto wao, na wao wenyewe wamezidi themanini. Kwa hivyo kabla hujafunga hii, fanya kitu kimoja wikendi hii. Ukiwa na guka, shosh, babu au jirani mzee, mpelekee kitu. Picha ya zamani, gari la waya, redio mbovu, chochote. Usimwambie "niambie historia", ataanza kukuambia usome. Weka kitu mbele yake unyamaze. Halafu washa simu urekodi.

Mimi nimerudi Gikomba kutafuta gurudumu. Jamaa anasema furushi lingine linafika Jumanne.